Mubashara kutoka Smithfield

Vigelegele vilitangulia. Vilitoka nyuma ya mlango wa chuma, vikapanda mara tatu, kila mara juu zaidi, halafu vikakatika ghafla kama uzi uliokatwa kwa meno. Kimya. Kisha vilevile tena, vikapanda, vikakatika.

Muema alisukuma mlango bila kubisha.

Ndani hakukuwa na dirisha. Kulikuwa na skrini mbili, kiti kilichopasuka ngozi, na harufu ya magodoro mapya, kwa kuwa upande wa pili wa ukuta palikuwa ghala la magodoro. Hii ndiyo ile studio iliyotajwa kwenye mkataba wa kuuza mechi kwa televisheni kama kituo cha kimataifa cha matangazo. Symphorien, mtangazaji wa Kiswahili wa mechi za Nyigu wa Smithfield, alikuwa ameinama mbele ya skrini, kidole juu ya kitufe, akirudisha picha nyuma.

"Nilikwambia uniwekee tayari mechi ya Jumamosi," Muema alisema. "Sikukwambia uanze kuitazama peke yako."

"Sitazami mechi, mzee Muema. Natazama aibu."

Muema alivuta ndoo ya rangi iliyokuwa kona, akaigeuza, akaikalia. Alikuwa askari kanzu Nairobi kwa miaka mingi kabla ya kuhamia Sydney na kukata leseni ya upelelezi wa kujitegemea, na alikuwa amekalia vitu vibaya zaidi ya ndoo.

Waliomwajiri safari hii ni Upeo, stesheni ya televisheni ya Nairobi. Malalamiko yao yalikuwa mafupi. Kila Nyigu walipocheza, kulikuwa na mtu aliyebeti mchezo ukiendelea, na hakukosea. Aliweka pesa kwamba mpira unaofuata utagongwa, ukagongwa. Aliweka kwamba mrushaji ataondolewa, akaondolewa. Alitumia laini za simu za watu wa Nairobi waliokodisha majina yao, lakini mkono wenyewe, Upeo waliamini, ulikuwa Sydney.

Na Nyigu wenyewe! Timu ya besiboli ya kulipwa iliyokuwa imeshika mkia miaka mitatu. Mmiliki wake, Douglas, aliuza mrushaji bora, akauza mdakaji, akauza kijana pekee aliyeweza kupiga mpira ukavuka ukuta, kisha akaita magazeti na kuwaambia kwamba anajenga upya. Timu iliyouza mikono ili inunue glavu. Viingilio vya mlangoni havikutosha kuwasha taa za uwanja. Kilichobaki kuilisha ni fedha za Upeo, na Upeo hawakununua mechi zile kwa sababu kuna mtu Kisumu au Bukavu aliyewahi kulilia besiboli. Walizinunua kwa sababu jioni ya Sydney ni mchana wa Afrika Mashariki, saa ambazo ligi za kandanda zimelala, na vibanda vya kubeti vinahitaji kitu, chochote, kinachokimbia kwenye kioo.

Mkataba ulilipa kwa mechi mubashara tu. Jumatatu ulikuwa usainiwe mpya, wa miaka mitatu, mnono kuliko huo.

"Aibu ya nani?" Muema aliuliza.

"Ya huyu mama." Symphorien aligusa skrini. Kati ya wanawake waliojaa safu mbili za jukwaa, mmoja alikuwa amesimama, kichwa nyuma, mkono mdomoni. "Mama Dévote wa Guildford. Kwaya yetu ya kanisa. Kilabu inatuma basi inawachukua kila Jumamosi, inawapa soseji na chipsi, wanakaa pale mbele ya kamera."

"Watazamaji wa kukodi."

"Watazamaji, mzee. Sasa sikia. Jumamosi ile bwana yake, Égide, alianguka kazini. Moyo. Palepale amekufa. Ndugu yake akapigia huyu mama simu uwanjani. Na yeye, famille nzima imeona, anapiga vigelegele! Na mimi mjinga sikujua kitu, nikamtaja kwa jina hewani. 'Msikieni mama Dévote, leo furaha imemzidi!'" Alijipiga paja. "Nilisema vile. Afrika nzima ikasikia."

Mpaka asubuhi ile Symphorien ndiye aliyekuwa mshukiwa wake wa kwanza, kwa kuwa ndiye pekee aliyekaa kati ya uwanja na Nairobi.

"Ukitangaza, simu yako iko wapi?"

"Kwenye sanduku huko nje. Boss Douglas anafunga mwenyewe."

"Umewahi kwenda uwanjani siku ya mechi?"

"Hata mara moja. Boss anasema sauti ni nzuri hapa."

"Karibu na magodoro."

"Karibu na magodoro," Symphorien alikubali, bila kuona kichekesho.

"Kwa hiyo wewe unaona kile kile wanachokiona Nairobi, na unakiona wanapokiona wao."

"Sawasawa."

"Rudisha. Simamisha hapo, mdomo wake ukiwa wazi."

Picha iliganda. Kona ya juu kulikuwa na neno MUBASHARA kwa herufi nyekundu, na chini yake saa ya Nairobi: sita na robo mchana. Hapa Sydney ilikuwa saa mbili na robo usiku. Muema alipiga picha ya skrini kwa simu yake, akaikuza mpaka maua ya kitenge cha mwanamke yakaonekana, njano juu ya kijani.

"Huyo ndugu aliyempigia simu ni nani?"

"Dieudonné. Kesho asubuhi wanazika. Ameapa huyu mwanamke hatatupa udongo juu ya bwana yake." Symphorien alishusha sauti. "Na kwetu, mjane asiyetupa udongo, ndiye aliyeua."

*

Nyumba ya msiba, mtaani Guildford, ilijulikana kwa viatu. Vilijaa barazani, vikashuka ngazi, vikafika hadi kwenye hema lililofungwa uani. Wanaume walikuwa wamekaa kwenye viti vya plastiki, wengine bado na fulana za kazi zenye kung'aa. Dieudonné, mdogo wa marehemu, alikuwa mtu mrefu mwenye macho mekundu, na alipoambiwa mgeni ni mpelelezi alimtazama toka kichwani mpaka viatuni.

"Wewe ni polisi?"

"Hapana. Pole kwa msiba, bwana Dieudonné."

"Ahsante. Basi kama si polisi, kula, kunywa chai, keti."

"Nitakunywa. Niambie tu, wewe ndiye uliyempigia shemeji yako?"

"Mimi mwenyewe. Nilikuwa shift moja na kaka. Nilimushika hivi." Alionyesha mikono mitupu. "Daktari alisema basi. Nikatoka nje, nikamupigia huyu mwanamke. Akapokea. Kulikuwa kelele za uwanja. Nikamuambia. Simu ikaanguka."

"Ilianguka, au aliikata?"

"Ilianguka. Nilisikia chini." Dieudonné alikunja uso. "Lakini unauliza nini? Batu wote waliona!"

"Wewe uliona?"

"Mimi nilikuwa na maiti! Aliona muzee wetu, baba mudogo, kule Uvira. Nilimupigia yeye wa pili. Akatoka kwake na kilio, akavuka barabara kuita mutoto wake kwenye kibanda ya kubeti. Anaingia, anainua macho kwa televisheni, na ni nani yuko pale? Bibi ya marehemu, anapiga vigelegele, na mutangazaji anataja jina lake. Direct, monsieur! Imeandikwa mubashara! Muzee akanipigia palepale: 'Mwanangu, mwanamke yenu anacheza ngoma juu ya maiti.'"

Wanaume waliokaa karibu waliguna. Mmoja akatema mate nje ya hema.

"Nionyeshe hizo simu," Muema alisema.

Dieudonné alisita, kisha akatoa simu yake. Muema aliifuata kwa kidole. Kumpigia Dévote: saa mbili kasoro dakika tano. Kumpigia Uvira: palepale baada yake. Uvira kupiga: saa mbili na dakika ishirini.

"Na yeye alirudi hapa na basi la kilabu?"

"Wote walirudi. Wanawake wengine wanamutetea, wanasema alianguka chini, alilia, walimubeba. Watamutetea tu, ni kwaya moja." Dieudonné alichukua simu yake. "Wanawake wanaweza kudanganya juu ya rafiki yao. Televisheni ya Nairobi itadanganya juu ya nini? Inamujua?"

Swali lilikuwa zuri, na Muema alianza kulikisia jibu lake, lakini alikuwa ameajiriwa kwa mkataba uliomfunga mdomo. Alikunywa chai yake.

"Naomba kuongea na mjane."

"Yuko garaji."

Hawakuwa wamemfungia. Walikuwa tu wamemwekea mkeka mbali na wengine, kati ya mashine ya kukata nyasi na baiskeli za watoto, na hakuna aliyekwenda kukaa naye isipokuwa bibi mmoja wa kwaya, ambaye alisimama na kutoka Muema alipoingia. Mama Dévote alikuwa na leso nyeusi kichwani. Hakuinuka.

"Na wewe umekuja kuona mchawi?"

"Nimekuja kuuliza juu ya nguo." Muema alichuchumaa, akamwonyesha picha kwenye simu. "Hiki kitenge ulikishona lini?"

Alikitazama muda mrefu. "Fundi alileta Jumamosi asubuhi. Kwaya nzima tulivaa siku ile, ya kwanza. Nilikivua usiku ule. Hakitarudi tena mwilini mwangu."

"Hujawahi kukivaa kabla ya hapo? Hata kukijaribu?"

"Papa, nimesema siku ile."

Basi haikuwa picha ya zamani iliyobandikwa. Muema alikuwa amelifikiria hilo njiani, na sasa lilikufa.

"Mliimba siku ile?"

"Tuliimba mapema, kabla ya watu kuingia. Wakaturekodi. Halafu tukangoja karibu nusu saa, tukala soseji yao baridi, ndipo mchezo ukaanza."

"Tiketi zinasema saa moja."

"Ulianza saa moja."

Kwenye televisheni matangazo nayo yalianza saa moja, lakini yalianza na kwaya. Nusu saa nzima ya kwaya, matangazo ya sabuni, matangazo ya kubeti, kisha ndipo mpira wa kwanza. Tiketi ya mlangoni haikugombana na ratiba ya Nairobi, na karatasi zote zilikuwa safi. Nairobi walikuwa wanatazama jambo lililokwisha kutendeka, na yeyote aliyekaa uwanjani akiwa na simu mkononi aligeuka nabii.

"Vigelegele ulivipiga wakati gani?"

"Kijana wetu mumoja alikimbia akafika nyumbani, pale wanapopatia pointi, mtu wa kwanza wa Nyigu kufika nyumbani mwezi mzima. Nikasimama. Kisha nikakaa. Kisha simu ikaja."

"Una hakika simu ilikuja baadaye?"

Mama Dévote aliinua uso kwa mara ya kwanza.

"Nipige vigelegele nikijua bwana yangu amekufa? Si uniulize pia kama nilimula?"

Muema alisimama, magoti yakilia. "Samahani, mama. Ni kazi."

"Kazi," alisema mjane. "Wote wananiambia kazi. Basi lile pia lilikuwa kazi."

*

Ofisi ya Douglas ilikuwa chini ya jukwaa kuu. Ukutani kulikuwa na picha kubwa za wachezaji wanne, na wote wanne alikuwa amekwisha kuwauza. Mwenyewe alikuwa mtu wa uso mwekundu, shati la bei kubwa, na meno ya bei kubwa zaidi. Alimpa Muema mkono huku akitazama saa.

"Karibu, rafiki. Umempata mwizi wenu?"

"Nakaribia. Nilitaka kwanza kuelewa biashara."

"Biashara ni subira." Douglas aliegemea kiti. "Timu inayojengwa upya ni kama nyumba. Unabomoa kwanza. Watu hawaelewi, wanataka ushindi leo. Mimi nawauzia kesho."

"Na aliyenunua hiyo kesho ni Upeo peke yao."

"Wana bahati."

"Viingilio vya msimu huu havilipi hata mkata nyasi," Muema alisema. "Nimevijumlisha. Fedha za Upeo zinalipa mishahara, basi. Lakini umepaka rangi uwanja mzima, umeweka taa mpya, na unaendesha gari ambalo mwaka jana hukuwa nalo."

"Wafadhili."

"Wepi?"

"Wasiopenda kutajwa." Meno yalionekana yote.

Muema aliacha hilo lipite. "Jumamosi iliyopita wale akina mama wa kwaya waliondoka mapema."

"Ah, hao." Douglas alitikisa kichwa. "Mmoja alipata habari mbaya. Akaanza kupiga mayowe mbele ya watu, wakambeba, na wote wakapanda basi, kundi zima. Nilikuwa nimelipia soseji za jioni yote. Unajua soseji mia moja zinakwenda wapi zisipoliwa?"

"Ilikuwa saa ngapi?"

"Saa mbili, au kabla kidogo. Nakumbuka kwa sababu dereva alinipigia kudai nyongeza ya kuondoka kabla ya wakati."

"Saa mbili au kabla. Una hakika?"

"Simu aliyonipigia dereva bado imeandikwa humu na saa yake, kama unaitaka."

"Naitaka."

Douglas, aliyezoea kuwaonyesha watu vitu vya kumsafisha, alimpa simu yake. Muema aliisoma, akaipiga picha mbele yake, akamrudishia. Kisha akaweka simu yake mwenyewe juu ya meza: mwanamke amesimama, mkono mdomoni, neno jekundu kwenye kona, saa chini yake.

"Hii ni saa mbili na robo," alisema. "Mubashara. Basi lilikuwa limeshaondoka. Nieleze huyu ni nani."

Douglas alitazama. Hakutazama haraka. Aliivuta simu karibu kwa kidole kimoja kama mtu anayevuta sahani asiyoipenda.

"Hitilafu ya mitambo," alisema hatimaye.

"Ya kila Jumamosi?"

"Mitambo ni ya kila Jumamosi."

"Nani anaketi uwanjani akibeti kwa simu, Douglas? Ni wewe, au umemwajiri mtu?"

Wekundu wa uso haukuzidi. Hilo Muema alilitambua na likamchukiza kuliko hasira. Mtu aliyekamatwa anatoka jasho. Huyu alikuwa anapiga hesabu.

"Sikiliza," Douglas alisema. "Utamwambia nani? Waajiri wako? Wanahitaji kitu cha kuonyesha mchana, na mimi ndiye ninacho. Ushahidi wako ni kelele ya mwanamke mmoja wa Guildford na kitambaa chake. Hata jina lake silijui."

"Afrika nzima imelisikia. Wewe ndiye uliyelipeleka."

"Basi amekuwa maarufu." Alisimama kumwonyesha mlango. "Na tiketi hakulipa."

*

Bridget alipokea simu mlio wa kwanza haujaisha. Alikuwa wakili wa Upeo hapa Sydney, Mkenya mwenzake, mwenye ofisi Parramatta yenye kioo kutoka sakafu mpaka dari. Muema, akiwa garini nje ya uwanja, alimweleza yote kwa mpangilio: kwaya iliyorekodiwa mapema, simu ya Dieudonné, kitenge, simu ya dereva.

"Muema, wewe ni moto," Bridget alisema. "Kweli wewe ni moto. Nitumie hizo picha sasa hivi."

"Nimekwisha kutuma. Mnaenda polisi lini?"

"Polisi?" Kulikuwa na mlio wa kalamu ikigongwa mezani. "Wacha kwanza. Jumatatu tunakaa na Douglas. Akijua tunajua, atashusha bei mpaka chini kabisa. Tunapata hizo mechi miaka mitatu karibu bure."

"Mnasaini naye."

"Tunasaini naye vizuri. Atatoa hiyo nusu saa, mambo yanakuwa safi, hakuna mtu anaumia."

"Kuna mjane anaumia. Kesho asubuhi wanazika, na wakwe wanamwita muuaji kwa sababu ya skrini yenu."

"Ai, pole kwake, kweli. Lakini ngoja Jumatatu ipite, tutamwandikia hata barua."

"Jumatatu mumewe atakuwa chini ya udongo."

"Sikiza." Sauti yake ilibadilika, ikawa ya ofisi. "Ulisaini usiri. Ukifungua mdomo kabla hatujakwambia, hulipwi, na nitapeleka malalamiko kwa waliokupa leseni. Usiniharibie hii deal, Muema. Tumeelewana?"

"Nimekuelewa," Muema alisema, akakata.

Alikaa kidogo akiutazama uwanja wa Nyigu. Rangi mpya iling'aa. Mzee mmoja alikuwa akitembea juu ya nyasi akiokota mifuko ya chipsi. Mmoja na meno yake ya bei kubwa, mwingine na dirisha lake la bei kubwa, na kati yao hapakuwa na mtu hata mmoja aliyeuliza jina la maiti. Muema aliwasha gari, akageuza kuelekea Guildford.

Hemani watu walikuwa wameongezeka. Jeneza lingefika kesho alfajiri kutoka kwa wazishi, na wanaume walikuwa wakigawana nani atabeba upande upi. Dieudonné alipomwona Muema akipita moja kwa moja kwenda garaji, alisimama.

"Bado hujamaliza na yule?"

"Njoo," Muema alisema bila kusimama. "Njoo na wewe, na simu yako. Mtafute mzee wa Uvira hewani."

"Sasa hivi?"

"Akipatikana sasa, sasa. Asipopatikana, kesho kabla hamjafunga jeneza."

Dieudonné alifuata, na nyuma yake wakafuata watatu, wanne, kisha hema zima, viti vikikwaruza saruji. Walijaa mlangoni mwa garaji, wakasimama pale, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kukanyaga ndani. Uvira haikupokea, simu iliita mpaka ikakoma. Dieudonné alijaribu tena, na tena ikakoma.

Mama Dévote aliwatazama wote, kisha akamtazama Muema.

"Umewaleta waniseme?"

Muema alivua viatu. Aliingia, akaketi kwenye mkeka wa mjane, mahali ambapo siku sita hakuna mwanamume wa ukoo ule aliyekaa, na alipozungumza aliinua sauti ifike mpaka kwa yule wa mwisho aliyesimama uani.

"Mama Dévote, mbele ya hawa nakuahidi. Kesho nitasimama kanisani kwenu na ile picha, na simu ya shemeji yako, na simu ya dereva wa basi, nimwonyeshe kila mtu, hata mzee wa Uvira, kwamba ulifurahi bwana wako akiwa bado hai kwako, na nitamtaja kwa jina mzungu aliyeichelewesha furaha yako ili aiuze. Leseni yangu waichukue wakitaka. Lakini wewe utakwenda kaburini ukitembea mbele, na hakuna mtu atakayemtupia Égide udongo kabla yako."